Uliwaambia Basi Lilisimama

Mama Kelvin,

Ulikuwa ukinikemea kila nikianza jambo bila salamu. "Mama Sheila, watu kwanza husalimiana," ulikuwa ukisema, hata siku ile niliyokuja mbio kukuambia kwamba bafu la wazee linafurika. Leo sikusalimii. Nimekaa mezani tangu nitoke kazini, na kila nikitaka kuandika kwamba natumaini umepumzika kwa amani, kalamu inagoma. Nina hasira na wewe. Heri nianze hapo kuliko kukuremba kwa yale maneno ya mazishi ambayo sisi wawili tulikuwa tukiyacheka.

Habari za huku nitakupa, maana najua bila hizo hutatulia. Baridi imepungua. Baba Kelvin alirudi salama kutoka Kinangop baada ya kukuzika, na bado anapika wali wa watu wengi, halafu anashangaa umebaki. Unaobaki ananiletea mimi kwa lile bakuli lako la kifuniko cha buluu. Kule Northfield, kwenye nyumba ya wazee tuliokuwa tukiwatunza, wameweka msichana mpya kwenye zamu yako. Ni mpole, ana heshima, lakini hufungua mapazia kwa nguvu na wazee wanashtuka. Bibi wa chumba cha mwisho, yule wa fimbo, aliuliza uko wapi tukamwambia ukweli, akalia. Kesho yake akauliza tena. Sasa tunamwambia umeenda likizo, na yeye anasema umestahili.

Mimi sikuja kukuzika. Ulijua nisingeweza, zamu zangu unazijua na Sheila ana mitihani. Siku waliyokufukia nilikuwa nambadilishia mtu shuka. Nilitamani niwe pale nikutupie udongo kwa mkono wangu. Wakati huo nilikuwa bado nakupenda bila swali.

Nataka nieleze jambo hili taratibu, hata kama unalijua, kwa sababu nikilieleza haraka nitaanza kufoka.

Wewe ulikuja Birmingham na mkono uliokwisha kufundishwa gitaa na kaka yako. Mimi nilikuja na masikio tu, masikio ya mtu aliyekulia Ol Kalou kwenye nyumba ambamo Jumapili asubuhi redio iliimba nyimbo za Wamarekani wa kofia pana, za farasi na treni na wanaume walioachwa, na baba yangu akizisikiliza kwa makini kuliko mahubiri. Wazungu wa kazini walitushangaa. Walidhani tutawaimbia ngoma. Ukawapigia wazee nyimbo hizo za country pale sebuleni, wakanyamaza, na yule bibi wa fimbo akaanza kugonga sakafu.

Uliponiambia utanifundisha, shida ikawa umbali. Wewe Northfield, mimi Kingstanding, jiji zima katikati yetu. Ndiyo tukaanza kujifunza kwa simu. Uliweka simu yako juu ya meza karibu na gitaa, mimi nikaweka yangu sikioni kwa bega, shingo imepinda. Nyuzi tulishika zilezile, mkono wa kushoto ulikaa palepale. Kilichobadilika ni mkono wa kulia, jinsi unavyoanza na uzi mnene kwa dole gumba, kisha unavyozikwangua nyembamba, kwenda chini au kurudi juu, kwa haraka au kwa uvivu. Kaka yako hakukuachia jina la hata mtindo mmoja. Yeye alikuwa akisema, "piga hivi." Kwenye simu "hivi" haionekani. Kitabu cha maktaba kilikuwa na vishale vya juu na chini, na vishale vilitutia usingizi. Ukasema, "Hii mikono tuipe majina yetu." Tangu siku hiyo tukaita mtindo wa kupiga mkono, na kila mkono ukapata jina lake.

Sheria ya majina uliiweka wewe, mimi sikuwa na habari. Mkono hupewa jina la jambo lililompata mmoja wetu, kwa sababu lililokupata mwili hausahau. Na jina halielezwi kwa mtu. "Haya ni ya jikoni, Mama Sheila. Hayatoki jikoni." Nayakumbuka maneno hayo na sauti yake, na sufuria iliyokuwa ikichemka nyuma yako.

Wa kwanza tuliuita Fimbo. Dum moja nzito, cha-cha mbili nyepesi, yule bibi wetu akishuka ukumbini, fimbo kisha miguu miwili. Wa pili ukawa Kuchekecha, ule wa haraka ambao mkono haupumziki, chini juu chini juu, kwa sababu siku hiyo ulikuwa umechekecha unga wa mandazi mpaka ukapata puani. Hiyo haikumuumiza mtu. Wa tatu ulikuwa wako. Jina lake silitaji hapa, wala lile jambo la kabla hujakutana na Baba Kelvin lililolizaa. Karatasi huokotwa. Uliniambia ukiwa umenipa mgongo, ukiosha vikombe vilivyokwisha kuwa safi, na ulipomaliza ukachukua gitaa ukapiga ule mkono mara moja, taratibu, na sote tukajua unaitwaje.

Baada ya wewe kunipa lako, nami nikakupa langu.

Sheila alikuwa mdogo, bado anakula akiwa amepakatwa. Nilikuwa nasonga ugali. Baba yake alisema anapeleka takataka nje. Nilipochungulia dirishani nikamwona ng'ambo ya barabara, kwenye kituo, na ule mfuko mkubwa wa safari aliokuja nao kutoka Kenya. Nilitoka nilivyo, leso kiunoni, mwiko mkononi, patipati miguuni. Basi likafika kabla yangu. Nilikimbia nalo hadi kwenye kona, nikimwita kwa jina la utoto wake, lile la nyumbani kwao, na watu wa Kingstanding wamesimama na mifuko yao wananitazama. Patipati moja ikachomoka. Sikusimama. Yeye alikuwa amekaa ghorofa ya juu ya basi, kiti cha nyuma, naona kisogo chake. Hakugeuka. Basi likaenda.

Sikuwa nimemwambia mtu. Hata mama yangu nilimwambia tu kwamba tumeachana. Nilipokueleza ulinitazama, halafu ukauliza kwa upole, "Na mwiko ulikuwa bado umeushika?" Nikasema ndiyo. Mama Kelvin, tulicheka mpaka tukashikana. Nilicheka nikalia, nikalia nikacheka. Kisha ukavuta gitaa. Dum-cha, dum-cha, dum, halafu kimya mahali ambapo cha ingekuwepo, halafu dum-cha tena mbio. "Hapo," ukasema. "Hapo ndipo ilipochomoka." Tukauita Patipati. Aibu niliyokuwa nimeibeba peke yangu ikawa kitu cha kupigwa kwenye gitaa, na nilikushukuru usiku na mchana kwa hilo.

Ndiyo maana nikaendelea kukupa. Nikakupa Kata Simu, ule mkono unaopiga nyuzi kisha kiganja kinazizima papo hapo, wa siku niliyompigia mama mkwe Nyahururu kumuuliza mwanawe yuko wapi, akasema "Ungemtunza," akakata, nami nikabaki na simu sikioni nikisema halo, halo. Nikakupa Sofa, ule wa nyimbo za polepole, mkono unaoburuta, wa zile wiki nilizoshindwa kuinuka kwenye kochi na wewe ukavuka jiji kila siku kuja kumwogesha Sheila. Hayo yote ni yangu. Niliyaweka kwako kwa sababu sikuwa na pengine pa kuyaweka.

Ulipoanza kufundisha watu Sparkbrook siku za Jumamosi, nilifurahi. Jumamosi mimi huwa kazini, sikuwahi kuja. Nilikuuliza unawafundisha nini ukasema, "Ah, kushika nyuzi tu, vidole vinawauma wanalalamika." Miaka yote ile jibu lilikuwa hilo.

Ukaugua. Nilikuja hospitali kila nilipopata nafasi, na tuliongea kila kitu, mpaka tukabishana kuhusu binzari. Wiki ya mwisho ulinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua unayo bado. "Ule wangu, Mama Sheila. Ule usitoke." Nikakuapia kwa jina la Sheila. Nikapiga magoti pale kando ya kitanda nikakuapia. Ulikuwa na nafasi ya kusema, "Na mimi nina jambo la kukwambia kuhusu yako." Ulikuwa na siku nzima za kulisema. Ulinitazama machoni, ukapokea kiapo changu, ukafumba macho.

Wanafunzi wako waliandaa alasiri ya kukukumbuka, kwa ajili ya sisi tusioweza kusafiri. Nikabadilishana zamu, nikamvalisha Sheila gauni lake jeusi, tukaenda. Nilitarajia watoto wa kanisa. Nikakuta ukumbi umejaa watu wazima: Wakenya, Wakongo, Mtanzania mmoja na mkewe, sambusa na chapati mezani, magitaa yameegemezwa ukutani kila mahali. Hata sijavua koti, mama mmoja wa Kisikh akanijia mikono imenyooshwa. Mama Jaspal, wa Kisumu, unamjua. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Wewe ndio mama ya patipati? Kumbe mfupi hivi! Mimi nilidhani mrefu, miguu ya kukimbiza basi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikatabasamu kwa heshima. Ndipo Abdi, yule fundi wa boiler za maji moto aliyekulia Eastleigh akapitia Uholanzi, akasimama na gitaa mbele ya watu. Alisema maneno mazuri juu yako, hilo nakiri. Kisha akasema, "Sasa tumpigie mwalimu mkono wake aliopenda, na leo mwenyewe yuko hapa. Wallahi, mama, tunakujua kama tumelelewa na wewe." Akaanza. Dum-cha, dum-cha, dum. Na kwenye kile kimya, Mama Kelvin, ukumbi mzima ukainua mguu. Wazee, vijana, Mama Jaspal na vitambaa vyake, wote mguu juu, kisha chini, kisha mbio. Walikuwa wanatabasamu wananitazama mimi. Mguu wenyewe ulikuwa wa kulia. Yangu ilichomoka ya kushoto.

Sheila alicheka na wenzake. Halafu akaacha kucheka. Anaelewa Kiswahili chote, anajibu tu kwa Kiingereza, na watu wamekwisha kuanza kupokezana hadithi kama mkate: mwiko, leso, lile jina la utoto. Akanivuta mkono, akitaka kujua kama ndiye mimi niliyemkimbilia baba yake. "Mum, that's you? You ran after Dad?" Mimi nilikuwa nimemwambia baba yake aliondoka, na hilo ni kweli, sikumdanganya. Sikumwambia aliondokaje. Nilikuwa namngojea akue, nichague siku, nichague maneno. Siku ile ulinichagulia wewe.

Na haikuishia hapo. Abdi alipofika mwisho akapiga nyuzi zote kwa pamoja, sauti kubwa ya furaha, na ukumbi ukapiga makofi. Akanieleza kwa fahari, "Hapo ndipo basi lilisimama. Mwalimu alisema lazima tuisikie ile breki, mzee wako akashuka." Nilimwangalia. Sheila alimwangalia pia, macho yamemtoka. "He got off?" akaniuliza. "He came back?" Nilichukua sambusa nikaishika tu.

Wakanipigia mikono mingine kama zawadi. Kata Simu wanaijua, na "Ungemtunza" wanaisema kwa pamoja kwa sauti ya bibi mkali. Sofa wanaijua. Mtanzania alinipa pole kwa zile wiki, pole ya dhati, mkono kifuani. Nilitaka sakafu inimeze. Kisha Abdi akasema kuna mmoja ulioupenda sana lakini haukuwa na hadithi, akaupiga taratibu. Niliutambua kwa dum ya kwanza. "Huu alituambia ni Nambari Tatu tu," akasema. "Tulimsumbua sana, akakataa. Eti nambari inatosha."

Hapo ndipo nilipokuelewa. Mpaka dakika ile nilikuwa nakutetea kichwani. Nilijiambia mdomo ulikuponyoka, au hukujua nitaumia, maana wewe mwenyewe huoni haya. Kumbe ulijua vizuri kabisa. Ulijua jina linaweza kumfanya nini mtu, ndiyo maana lako ukalivisha nambari ukalificha, halafu yangu ukayatoa uwanjani bila hata shati.

Tulirudi kwa basi. Sheila hakuuliza kitu mpaka tumevuka mjini na kupanda la Kingstanding. Kisha akauliza tena, polepole, kama mtu anayejua jibu, kama baba yake alishuka. Angalia ulichonifanyia. Mtoto aliyekuwa amezoea kutokuwa na baba, ulimpa baba kwa nusu saa, na ikanibidi mimi, kwa mdomo wangu, nimpandishe tena basini. Nikamwambia hakushuka. Halikusimama. Akasema "OK," ile OK yake fupi, akageukia dirisha. Nikaona shingo yake tu njia nzima. Hiyo sikusamehe, Mama Kelvin. Mengine huenda.

Abdi amenipigia simu tangu siku hiyo. Nadhani aliniona uso. Aliniomba radhi, na hana kosa. Akasema uliwaambia kwamba mkono bila hadithi haukai, kwamba ulijaribu kuwafundisha kavu wakashindwa, na siku uliyowaeleza ya patipati wote wakaipata. Nilimjibu vibaya. Lakini wiki iliyopita Sheila alitaka kujaribu Kata Simu. Nilimwonyesha kiganja kinavyozima nyuzi. Kila mara kilichelewa. Nikamrekebisha, kikachelewa. Mwishowe nikamwambia: bibi yako alikata nikiwa bado naongea, nikabaki na simu hapa. Akanitazama. Akapiga, na kiganja kikashuka mahali pake.

Kwa hiyo najua. Kama mwalimu ulikuwa sahihi, na hilo linaniudhi kuliko yote. Kama hadithi ilihitajika, ulikuwa na yako. Yako ingefundisha mikono kumi. Ungeniomba angalau. Ningekataa, halafu ningelia, halafu ningekubali, unajua nilivyo.

Na lile basi? Nimejiuliza sana kwa nini ulilisimamisha. Pengine ulinionea huruma. Ulikuwa umeniweka barabarani mbele ya watu, ukashindwa kuniacha pale, ukaona umletee huyo mwanaume mambo yaishe vizuri. Lakini mwisho wa kweli nilikupa pia, na wewe ukautupa. Nilisimama kwenye ile kona nikihema. Kisha nikageuka, nikatembea mguu mmoja wazi, nikaiona patipati yangu kando ya ukuta wa mtu, nikaivaa. Nikarudi ndani. Jiko lilikuwa bado linawaka. Nikausonga ule ugali ukaiva, nikampakata Sheila, akala. Alikula akashiba. Ndiyo sehemu yangu hiyo, ndiyo ninayojivunia maishani mwangu, na katika ukumbi wote ule hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia. Wao wanajua mwanamke aliyeokolewa na breki.

Juzi Baba Kelvin alikuja na bakuli la wali kwa mkono mmoja na gitaa lako kwa mkono mwingine. Alisema wanafunzi wanakuomba, yaani wananiomba mimi, nichukue Jumamosi zako, na kwamba wewe mwenyewe ungependa. Nilimkaribisha, nikaweka chai. Amekonda. Alikaa pale unapokaa wewe, akalishika gitaa asivyojua kulishika, akajikuna kichwa.

"Mama Sheila," akasema, "ile Nambari Tatu. Alikuwa akiipiga peke yake jikoni akidhani nimelala. Abdi ananiambia haina jina. Mimi najua kila kitu chake kilikuwa na jina. Wewe alikuambia?"

Nilikuwa nalo mdomoni. Nakuambia ukweli, lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi, na nililisikia tamu. Nilimwona Mama Jaspal akiwaeleza wengine. Niliona ukumbi mzima ukitafuta namna ya kulichezea kwa miguu yao. Nikafikiri: hebu naye aone. Kisha nikakumbuka kwamba hutaona chochote. Atakayeona ni huyu mzee aliyekaa na gitaa lililopinduliwa, anayekupikia wali bado. Nikamwambia, "Ni ya tatu tu, Baba Kelvin. Tulikuwa tunajifunza, tukahesabu." Akatikisa kichwa, akanywa chai yake. Sijui kama aliamini. Aliniacha na gitaa.

Sheila alikuwa ngazini. Alipoondoka mzee, akashuka akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia hayo si yangu ya kusema. Akauliza, "Even after what she did?" Nikamwambia hata baada ya hayo uliyonitenda, na aende akalale. Ilikuwa bado mchana, akanicheka.

Jumamosi naanza. Nimebadilisha zamu zangu. Nitawafundisha mikono yote na majina yote, hata yangu, kwa sababu yamekwisha kutoka na siwezi kuyarudisha jikoni. Lakini Patipati nitaivunja niwafundishe upya. Wataanza na mguu wa kushoto. Na mwishoni hakuna kupiga nyuzi zote, hakuna breki, hakuna mtu anayeshuka. Wataishia kwenye dum za uzi mnene peke yake, taratibu, mwanamke anayerudi nyumbani kwake kwa miguu, na watajua kwamba kuna chakula jikoni. Abdi atalalamika kwamba mwisho huo hauchangamshi. Atauzoea.

Lala, rafiki yangu. Neno hilo sikulipanga, limetoka lenyewe, na silifuti. Bado nina hasira na wewe, na nadhani nitazeeka nayo, maana hukuniachia wa kugombana naye. Mtu ninayetaka kumpigia simu nimweleze ulivyonitenda ni wewe.

Ule wako nitauita Nambari Tatu mpaka nife. Wakinisumbua nitawaambia nambari inatosha. Usidhani nakufanyia wema. Nataka tu, katika sisi wawili, awepo mmoja aliyenyamaza.

Mama Sheila